Kitanda cha Mtani

Habari hii nilipewa na Elizabeti, mke wa Maximilian mpasua mbao wa Shanwe, mwaka ule mvua zilipochelewa sana, tukiwa jikoni kwake tunachambua maharage. Alikuwa mzee tayari. Lakini alipofika mahali pa yule karani wa wakili, alianza kutupa maharage mazuri pamoja na mabovu, nikajua kwamba kwake jambo hilo bado halijaisha.

Siku hizo reli ilikuwa imefika Mpanda si zamani, na mgodi wa madini ya risasi ulikuwa unameza mbao kama moto. Maximilian, Mkonongo wa hapa hapa, alikuwa na kibali cha kukata mininga upande wa Kasokola, na huko porini alikuwa na shimo lake la kupasulia. Watoto wa siku hizi hamlijui shimo hilo. Gogo linalazwa juu ya shimo, limekaa kwenye miti iliyokingamishwa. Mtu mmoja anasimama juu ya gogo, mwingine anasimama ndani ya shimo, na msumeno mrefu unakwenda kati yao, huyu anavuta juu, yule anavuta chini. Mtu wa juu ndiye anayeona mstari na kupata upepo. Mtu wa chini anakula unga wa mbao tangu asubuhi hadi jioni, na gogo zima liko juu ya kichwa chake.

Mtu wa chini wa Maximilian alikuwa Faustini, Mfipa, mwenye mabega kama mlango. Na hapo kwao Mkonongo na Mfipa walikuwa watani. Faustini aliweza kuingia kwa Maximilian, akachukua kuku, akaondoka naye, na Maximilian asiseme kitu. Maximilian naye aliweza kumwambia Faustini kwamba marehemu babu yake alikuwa anaiba mbegu shambani kama ngedere, na Faustini akacheka. Kukasirika hakuruhusiwi. Mtu aliyemkasirikia mtani wake alionekana hana adabu, tena hana kwao.

Sasa asubuhi moja, baada ya mvua iliyonyesha usiku kucha, Elizabeti alifika shimoni na uji wa vibarua. Alimkuta Faustini amesimama ukingoni, hajashuka. Alikuwa anamwonyesha Maximilian jinsi ukuta wa shimo ulivyokuwa unatoa maji, na ufa ulioanza juu ukashuka mpaka chini. Alisema afadhali waweke kwanza miti ya kuushikilia, au wangoje jua liukaushe. Maximilian alikuwa ameahidi mgodini kwamba mbao zitafika kabla ya Jumapili. Hakumwambia Faustini shuka. Alijua akimwamuru atakataa, maana alikwisha kukataa mara nyingine na hakuna aliyemlaumu. Basi akageukia wenzake, akapaza sauti.

"Jamani, njooni mwone Mfipa anaogopa tope. Shuka, bwana. Ukifa humo, mbuzi wa matanga nitamla mwenyewe."

Watu wakacheka. Faustini akacheka pia, angefanya nini. Akajibu kwamba mbuzi huyo atamshinda, kwa sababu Wakonongo meno yao yamekwisha kwa kutafuna nta ya asali. Akashuka.

Uji haujapoa, ukuta ukaanguka. Mti wa kukingama ukateleza, gogo likaja upande mmoja. Elizabeti alisikia sauti ambayo hakutaka kunieleza. Walimtoa Faustini kwa majembe na kwa mikono, wakambeba kwa machela mpaka hospitali, na huko mguu wake wa kulia ukakatwa chini kidogo ya goti.

Maximilian alilia siku ile, tusimsingizie. Alilia kweli. Lakini machozi yalipokauka akaja mtu wa mgodini kumwambia kwamba kuna sheria ya fidia: kibarua akiumia kazini, mwenye kazi analipa, na kuna Mzungu wa mambo ya kazi anayekuja kwa treni kusikiliza mashauri ya namna hiyo, na mwenye kazi akionekana mzembe anaweza kunyang'anywa na kibali pia. Mtu huyo huyo akamwambia kuwa Tabora kuna wakili ambaye kazi yake ni kuwatetea wenye kazi tu, kila wanapodaiwa na walioumia. Maximilian hakulala. Asubuhi akapeleka habari Tabora.

Wakili hakuja mwenyewe. Alimtuma karani wake, Bwana Damiano, kijana mwenye suruali iliyopigwa pasi hata baada ya safari ya treni, na sauti ya pole kama ya mtu anayesoma masomo kanisani. Alilala kwa Maximilian. Alitaka maji ya kunywa yachemshwe, Elizabeti akachemsha. Alitaka kuku asiwe na pilipili, Elizabeti akaacha pilipili.

Kesho yake akataka kuliona shimo. Elizabeti alikwenda nyuma yao na uji, kwa hiyo aliyasikia yote. Karani alilizunguka shimo lile polepole, akachungulia, akauliza kwa nini kuta hazikuwekewa miti. Maximilian akasema kila mti aliokuwa nao ulikuwa wa kuuza.

"Wewe ni muuza mbao," karani akasema, "na ukuta wako hauna hata ubao mmoja. Nikiulizwa hapo sina jibu. Ushauri wangu ni huu: mlipe mtu wako, weka miti, tuyamalize."

Hapo, Elizabeti aliniambia, kwa muda mfupi sana alimpenda yule kijana.

Maximilian akakasirika. Akasema amemwita amkinge, hakumwita aje kumhukumu, na kama angetaka mahubiri angekwenda kwa padre. Karani akatikisa kichwa kidogo, kama fundi aliyeambiwa na mwenye nguo kwamba hataki mshono mzuri, anataka wa haraka. Akakaa juu ya gogo, akawaita vibarua mmoja mmoja, akawauliza nini kilisemwa asubuhi ile. Kila mmoja akamweleza ule utani. Wa tatu au wa nne alipofika kwenye mbuzi wa matanga, karani akaacha kuandika, akatazama miti kwa muda.

Jioni, kwenye ugali, akauliza swali moja tu. "Ulimwamuru ashuke?"

"Hapana," Maximilian akasema. "Nilimtania."

Basi karani akaeleza, kwa sauti ile ile ya pole. Mtu akiumia katika kazi ya bwana wake, bwana analipa. Lakini watu wawili wakiumizana katika michezo yao, hiyo ni bahati mbaya yao wenyewe, sheria haiingii. Faustini hakushuka kwa kuwa alitumwa. Alishuka kwa kuwa mtani wake alimcheka. Wakati ule Maximilian hakuwa bosi, alikuwa mtani. Akiapa hivyo, na Faustini asipobisha, shauri limekwisha.

Na Faustini hatabisha, karani akaongeza. Hilo ndilo lililomwumiza Elizabeti kuliko yote. Kijana yule naye alikuwa mtu wa bara. Alijua vizuri kwamba Mfipa hawezi kusimama mbele ya Serikali akamshitaki mtu kwa utani. Angekufa kwa aibu.

Elizabeti aliingia na bakuli la mchuzi. Alilitua mezani kwa nguvu, mchuzi ukaruka ukaiangukia ile suruali. Hakuomba radhi. Karani akajifuta, akaendelea kula.

Walipokuwa peke yao chumbani alimwambia mume wake kwamba anakwenda kuapa uongo.

"Uongo uko wapi, Mama Evodi? Sikumtania?"

"Ulimtania ili ashuke. Nilikuwepo, nimeshika uji."

Maximilian akamwambia mambo ya wakili si ya jikoni, akageukia ukutani. Elizabeti alikitazama kile kisogo. Aliniambia kama angekuwa na mwiko mkononi Mungu ndiye anayejua.

Shauri lilisikilizwa kwenye baraza ya boma. Faustini alikuja kwa magongo, jasho linamtoka, na mke wake Specioza nyuma yake amebeba mtoto. Maximilian alishika Biblia, akasema alivyofundishwa. Vibarua wakasema walichosikia, na walichosikia kilikuwa utani. Kisha yule Mzungu, mtu mzima aliyeonekana amechoka, akamgeukia Faustini, akamwuliza kupitia kwa mkalimani: huyu bwana alikuamuru uingie shimoni?

Faustini alimtazama Maximilian kwa muda mrefu. Maximilian alitazama viatu vyake.

"Alinitania," Faustini akasema.

Mzungu akauliza tena kwa namna nyingine, akajibiwa vile vile. Basi akasema kwa maneno hayo, yaliyokubaliwa na pande zote mbili, hana njia ya kusema kwamba hiyo ilikuwa kazi. Akalifunga shauri. Specioza hakuulizwa kitu. Elizabeti aliyekuwa amesimama kwenye ngazi naye hakuulizwa kitu. Wanawake wale wawili wakaangaliana, na Specioza akatema mate chini.

Karani aliondoka na treni. Alipokuwa anapanda alimpa Maximilian neno la mwisho: umeapa, usibadilishe. Ukienda siku nyingine kusema vingine, hiyo si fidia tena, hiyo ni jela. Maximilian akamshukuru, akambebea hata mfuko wake.

Elizabeti alikaa na hasira yake kama mtu aliyekaa na jipu. Hasira ilimwamsha, ikampikisha, ikamfulisha nguo. Alipomwona mume wake anakula kwa raha, alitamani chakula kimkwame. Halafu siku moja, anapepeta unga, ikamjia kwamba yeye pia ni Mkonongo, na utani ule haukuwa wa mume wake peke yake. Akauacha ungo pale pale. Akajifunga kanga ya pili, akashika njia ya Kasokola, alikokaa Faustini.

Alimkuta Specioza analima peke yake, mtoto mgongoni. Specioza hakusimama.

"Umekuja kuangalia kama tumeshakufa? Bado. Mwambie asubiri kidogo, mbuzi mwenyewe hatuna."

"Nyie Wafipa," Elizabeti akasema, "mna vichwa vigumu kama visiki. Mume wangu ameshika Biblia mbele ya Serikali, ameapa kwamba aliyemvunja mtani wake mguu ni yeye, katika utani. Mkono wake mwenyewe. Nyie mkaenda zenu nyumbani kulima. Mmesahau, au mnataka Mkonongo awafundishe?"

Jembe likasimama hewani. Kisha Specioza akaliweka chini, akaanza kucheka, akacheka mpaka mtoto mgongoni akaamka akalia. Alikuwa hajacheka tangu siku ya shimo.

Maana kwa wazee wale utani ulikuwa na mpaka wake, na kila mtu aliujua. Ukimtania mtu akakasirika, kosa ni lake. Lakini utani wako ukimtoa mtani damu, ukamvunja jino au mkono, basi ni mgonjwa wako. Unamwingiza nyumbani mwako, unampa kitanda chako, unampikia, unamwogesha, na yeye anakutukana apendavyo mpaka ndugu zake watakaposema imetosha. Si baraza linaloamua, wala padre. Ndugu zake.

Walikuja siku ya soko, ili watu wawe wengi njiani. Walimbeba Faustini juu ya kitanda cha kamba, wanaimba nyimbo za kuwatukana Wakonongo, na kila nyumba ya Shanwe waliyoipita iliongeza watu nyuma yao. Kaka yake mkubwa, Gaspar, ndiye aliyekuwa mbele. Elizabeti alikuwa ameshaufungua mlango. Walipita sebuleni, wakaingia chumbani, wakamlaza Faustini kwenye kitanda cha springi, ambacho Maximilian alikinunua kwa Mzungu wa mgodini aliyerudi kwao, na ambacho hata watoto wake walikatazwa kukikalia. Faustini akajaribu springi kidogo, akasema Wakonongo wamependelewa, akaagiza kuku. Mwenye pilipili.

Maximilian alipofika kutoka porini alikuta uwanja umejaa. Aliingia chumbani kwake, akatoka, akaingia tena. Sauti yake ilisikika mpaka barabarani. Akasema ataita askari.

"Waite," Gaspar akamwambia. "Sisi tutawaeleza ulivyoapa. Kwani hukuwa mtani?"

Elizabeti aliona mdomo wa mume wake unafunguka. Aliliona neno lenyewe limefika kwenye meno: mimi nilikuwa bosi wake. Hilo tu lingetosha kumtoa Faustini kitandani, na hilo ndilo lingempeleka jela. Mdomo ukafungwa. Akamgeukia mke wake, akamwambia awatoe hawa watu.

"Siwezi kumfukuza mgonjwa wa utani," Elizabeti akasema. "Nitaonekana sina kwetu."

Maximilian akapanda baiskeli mpaka stesheni, akampelekea wakili wa Tabora simu ya maandishi. Majibu yalirudi mafupi. Ofisi ile inashughulika na sheria za Serikali, mambo ya mila si kazi yake, na shauri lake lilikwisha na alishinda.

Basi akaishi na ushindi wake. Alilala kwenye mkeka sebuleni. Alichota maji ya kumwogesha Faustini, maana Faustini alikataa kuogeshwa na mtu mwingine, na wakati wa kuogeshwa aliimba. Aliwaambia wageni kwamba Mkonongo ana mikono laini, angefaa kuwa yaya. Wageni walikuja wengi kuliko msibani. Maximilian hakuweza kujibu kwa ukali, maana ungekuwa ni kukasirikia utani. Alikonda. Elizabeti alipika, hakumwonea huruma, akamwongezea Faustini nyama.

Na porini kazi ilikuwa imesimama. Kila asubuhi vibarua walifika, wakakaa chini ukingoni pa shimo. Oswaldi, aliyekuwa mtu wa juu, ndiye aliyeuliza kwa niaba yao, kwa heshima zote, kofia mkononi: "Bwana, leo tukishuka tutakuwa tunafanya kazi, au tutakuwa tunataniana? Tuambie mapema, tuwaage wake zetu."

Maximilian akawaambia wanafanya kazi. Wakasema vizuri, na shimo la kazi linawekewa miti. Hakuwa na miti zaidi ya ile ya kuuza mgodini. Akatazama, akazunguka, akapiga teke gogo, akaumia kidole. Mwisho akaagiza mbao zile zile za mninga alizokataa kuzigusa zishushwe shimoni, akazipigilia ukutani, nyundo inagonga kama anampiga mtu. Na hata baada ya hapo hakuna aliyekubali kuwa mtu wa chini. Akavua shati, akashuka mwenyewe.

Elizabeti alipeleka uji siku ile, akamwona. Mume wake, bwana mwenye kibali, amesimama kwenye tope, kichwa na nyusi ni nyekundu kwa unga wa mninga, anakohoa, na kila msumeno unapoteremka anatupa jicho kwenye gogo lililo juu yake. Alikunja mikono, akamtazama mpaka alipotosheka, na alipotosheka akagundua kwamba hakutosheka.

Jioni Maximilian alirudi hajaoga. Alipita moja kwa moja mpaka chumbani, akakaa sakafuni karibu na kitanda. Specioza alikuwepo, na Elizabeti alikuwa mlangoni na taa. Akamwambia Faustini kwamba shimo sasa lina kuta, na kuanzia sasa kazi ya kunoa misumeno ni yake, ya kukaa, na katika kila mbao kumi zitakazotoka moja ni yake maadamu wote wawili wako hai. Na kila asubuhi ya mvua, Faustini ndiye atakayesema kama watu washuke au wasishuke. Akaomba wamwachie kitanda.

Faustini aliangalia dari. "Hayo ni mazuri," akasema. "Lakini kuna lile ulilonificha kule boma, ukatazama viatu. Humu hakuna Biblia wala Mzungu. Kuna mke wangu na mke wako. Liseme."

Maximilian alijifuta unga wa mbao mdomoni.

"Nilikuamuru," akasema. "Niliuona ufa. Nilijua ungekataa, nikakuamuru kwa mdomo wa utani."

Hakuna aliyecheka. Specioza aligeuza uso. Faustini akavuta shuka mpaka kifuani, akasema basi, kesho Gaspar aje na watu, aseme imetosha, naye atarudi nyumbani kwake. "Leo sitoki. Kitanda cha Mkonongo kitamu." Na baada ya muda akasinzia, mguu wake mmoja umenyooka, na mahali pa mguu mwingine shuka imelala bapa.

Specioza alilala jikoni na mtoto, kwenye joto la mafiga. Elizabeti alijilaza karibu yake. Kupitia ukutani alimsikia Maximilian sebuleni anajigeuza kwenye mkeka, anakohoa unga wa mbao, anajigeuza tena. Zamani angeamka kumpelekea maji. Alikisikiliza kile kikohozi, hasira bado ikiwa moto kifuani mwake, akajiambia kwamba neno lile lingesemwa kwenye baraza, Faustini angekuwa na haki yake kwa sheria na si kwa kumtia mtu haya. Lilisemwa chumbani, limechelewa, na mguu hauoti.

Kikohozi kikapungua, kikawa mkoromo. Ndipo alipoinuka, akajaza kikombe maji, akakiweka karibu na kichwa cha mume wake bila kumwamsha. Akarudi jikoni, akawageuzia wote mgongo, akalala.